Mahakama au barabara? Swali lenyewe limekaa vibaya

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoifufua Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kodi mpya, Oktoba 29, 2024, ilikuwa imepita miezi mitatu tu tangu Mahakama ya Rufaa kuizika. Jioni moja wiki hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha chai, na kijana aliyekaa mkabala nami akatoa hukumu yake kabla ya kumeza kipande cha andazi: barabara, yaani maandamano ya vijana ya Juni 2024, ilichukua wiki moja kuuangusha Mswada wa Fedha wa 2024, mahakama ikachukua mwaka mzima kuturudisha palepale. Waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu hapo, na mapacha wake wawili hawakosekani. Wa kwanza husema mahakama ni nyumba ya mwenye nyumba, mpangaji akienda huko kudai haki amejichosha. Wa pili husema safari hii tulifaulu kwa sababu hatukuwa na kiongozi, kwa hiyo hapakuwa na wa kununuliwa.

Namwelewa kijana yule. Ila nadhani anaisoma historia ya nchi yake kwa jicho moja. Katika eneo letu hili, kwa zaidi ya miaka 100, watu wanyonge hawakwenda mahakamani kwa sababu waliamini watashinda. Wengi walishindwa, na walishindwa vibaya. Walichopata ni kitu kingine: walimlazimisha mwenye nguvu aandike, kwa mkono wake na kwa muhuri wake, kwa nini anawanyima. Maandishi hayo yalipopata kiongozi wa kuyabeba na kuyarudisha kwa watu, yaliwasha moto ambao hakimu hakuutarajia. Yalipokosa wa kuyabeba yalilala kabatini. Mahakama na barabara hazikuwahi kuwa njia mbili za kuchagua moja.

Tuanze na Wamaasai, maana kesi yao ndiyo mama wa kesi zote za aina hii Kenya. Mwaka 1904 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki iliwatoa kwenye nyanda za Bonde la Ufa, kando ya reli, ili walowezi wa Kizungu wapate malisho ya Naivasha na Nakuru. Wakagawanywa, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini. Mkataba ulisema maeneo hayo yatakuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila. (Watu wengi hadi leo huamini ulikuwa mkataba wa miaka 99. Haukuwa. Uliahidi milele, na milele hiyo ilidumu miaka saba.) Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine: wa Laikipia nao wahame wende kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameiona Laikipia. Miongoni mwa waliotia alama kwenye mkataba huo ni Parsaloi ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika Legalishu, mzee mwenye sauti kuliko wengine miongoni mwa Wapurko, tawi la Wamaasai, wa kaskazini na kiongozi wa morani. Hakutaka kuhama na hakuficha. Alama yake ilipatikana kwa shinikizo, na haukupita muda mrefu kabla hajaanza kutafuta njia ya kuitengua.

Ole Gilisho hakuwa mtu wa shule. Alikuwa na morani, na serikali ilijua hivyo. Wengi walitarajia mikuki. Yeye na wenzake wakaamua kutafuta wakili. Daktari mmoja wa serikali hiyohiyo ya kikoloni, Norman Leys, aliwasaidia kumpata, na mchango wake katika mambo ya Wamaasai ukamgharimu: alihamishiwa Nyasaland, Malawi ya leo. Kesi ikafunguliwa kwa jina la Murket ole Nchoko, ambaye jina lake makarani waliliharibu likawa Ol le Njogo, na hivyo ndivyo linavyosomeka kwenye vitabu vya sheria hadi leo. Hukumu ya Mahakama Kuu, Mombasa, ilitoka Mei 1913, na rufaa ikatupwa Desemba mwaka huohuo. Wakati huo watu na ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kuswagwa kwenda kusini.

Lakini tazama majaji walichoandika. Hawakusema mkataba wa 1904 haukuvunjwa. Walisema Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza. Ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake tu. Wakasema bado wanayo chembe ya mamlaka ya kitaifa, na kwa hiyo mikataba ile ni mapatano baina ya dola na dola, ambayo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyachungulia. Yaani Mmaasai alikuwa huru kiasi cha kutosha kutia sahihi ya kupoteza ardhi yake, na hakuwa huru kiasi cha kutosha kuidai. Sidhani kama kuna hotuba ya mkutano wa hadhara ingeweza kuueleza ukoloni kwa usahihi kuliko majaji wale walivyoueleza wenyewe.

Njia ya kwenda London kwenye Baraza la Mfalme, rufaa ya mwisho ya himaya, ilikuwepo, ila pesa na mawakili havikupatikana. Kwa mwenye kuhesabu ushindi na ushinde, Wamaasai walishindwa. Kwa mwenye kufuatilia karatasi, hawakuacha. Mwaka 1962, kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, wajumbe wao waliidai Laikipia mbele ya Waingereza na mbele ya Waafrika wenzao waliokuwa wakijiandaa kushika dola. Mwaka 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, waliandamana tena Nairobi na Laikipia, na risasi zikatumika. Bila ile kesi, dai hilo lingekuwa simulizi la wazee. Pamoja nayo, ni dai lenye namba ya faili.

Sasa hebu tuipe haki yake hoja ya wale wanaoidharau mahakama, kwa kuwa ina uzito. Wanasema kwanza kwamba kesi hununulia serikali muda: mnasubiri tarehe, wao wanahamisha ng'ombe. Ni kweli, Laikipia ndivyo ilivyokuwa. Wanasema pili kwamba ukiingia mahakamani umekubali kwamba mtesi wako ana haki ya kukuhukumu. Hili nalo haliondoleki kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Wakikuyu wawili walipogombana juu ya shamba, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba baada ya Kenya kufanywa koloni mwaka 1920, Mwafrika yeyote anayekaa kwenye ardhi ni mpangaji wa hisani tu wa Mfalme, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Watu wawili walikwenda kuamuliwa ugomvi wa jirani wakatoka wakiwa wamelipotezea taifa zima ardhi yake. Kuna kesi ambazo zingekuwa heri zisingefunguliwa.

Hata hivyo angalia serikali yenyewe ilivyoiogopa mahakama kila ilipokabiliwa na mtu mwenye watu. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, baada ya kuwaunganisha wafanyakazi wa Nairobi dhidi ya kipande (kitambulisho cha lazima cha mkoloni), kodi na kukatwa mishahara, hakufikishwa mbele ya hakimu hata siku moja. Machi 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliokuwa wakitaka kurudi nyumbani, na askari wakafyatua risasi. Walikufa watu zaidi ya 20, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu kwa amri ya kiutawala, akakaa kifungoni na uhamishoni karibu miaka tisa, bila shtaka. Kwa nini bila shtaka? Kwa sababu shtaka lingedai ushahidi, ushahidi ungedai sababu, na sababu zingeandikwa.

Miaka 30 baadaye walijaribu njia nyingine, na ikawaumbua. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuongoza Mau Mau, waliopigana na mkoloni msituni, na kesi ikapelekwa Kapenguria, mbali na reli, mbali na magazeti, mbali na umati. Hakimu Ransley Thacker alilipwa pauni 20,000 kwa kazi hiyo. Aprili 1953 akawatia hatiani. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwenye hati ya kiapo kwamba alinunuliwa aseme uongo. Serikali ikamshtaki yeye, na ikamfunga, kwa kuapa kwamba aliapa uongo! Wakili D. N. Pritt alikuwa ameugeuza ukumbi ule wa shule kuwa mahali ambapo serikali ndiyo iliyokuwa kizimbani. Sina hakika Kenyatta angekuwa Kenyatta tuliyemjua baadaye bila Kapenguria. Hakuwa kamanda wa msituni, na waliokuwa msituni walijua hivyo. Kesi ndiyo iliyomfanya ishara ya nchi nzima. Waliokuwa msituni hawakupata anasa hiyo: Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Kusini mwa mpaka, Wameru wa Tanganyika walilielewa jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote. Novemba 1951 serikali iliwafukuza watu takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, nyumba zikachomwa, ili ardhi iunganishwe kuwa ukanda wa mashamba ya mifugo ya Wazungu kati ya Kilimanjaro na mlima Meru. Tanganyika haikuwa koloni kwa maana kamili; ilikuwa nchi ya udhamini, Uingereza ikiitunza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Wameru wakauona mwanya huo. Wakachangishana fedha wao kwa wao. Wakamchukua Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Seaton alitangulia mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York katikati ya 1952, na Kirilo Japhet akamfuata, Mtanganyika wa kwanza kuzungumza Umoja wa Mataifa.

Wakashinda kwenye Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa. Wakashindwa kwenye Mkutano Mkuu, Desemba 1952, kwa kuwa azimio lilihitaji theluthi mbili ya kura na halikuzifikisha. Hapo ndipo mtu wa kibanda cha chai angefunga kitabu. Kirilo hakufunga. Aliporudi alizunguka Tanganyika akiwasimulia watu alichokiona: kwamba Mwingereza ana wakubwa zake, kwamba anaweza kuulizwa maswali mbele ya Wahindi na Waamerika Kusini, kwamba anaweza kujikanyaga akijibu. Habari hiyo ilikuwa na thamani kuliko azimio. Julai 7, 1954 TANU, chama cha kudai uhuru, ikaundwa, na Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza lilelile kudai uhuru. Sisemi kesi ya Wameru ndiyo iliyoleta uhuru. Nasema iliwaonyesha Watanganyika mlango ulipo na jinsi unavyobishwa.

Nikirudi kwenye hoja za upande wa pili, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema mahakama ni mchezo wa wasomi, kwamba mwananchi wa kawaida ana mawe na miguu yake tu. Ole Gilisho anaipinga. Wakulima wa Engare Nanyuki wanaipinga. Inapingwa zaidi na wazee waliokwenda London. Mwaka 2009 Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyofanyiwa kwenye kambi za miaka ya 1950. Susan alifariki kabla ya mwisho. Hawakuwa na digrii. Walikuwa na makovu. Uingereza ilijibu kwanza kwamba dhima ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, jibu ambalo binamu yake ni lile la 1913. Jaji McCombe alilikataa mwaka 2011, na mwaka 2012 akakataa pia kwamba muda umepita. Kwa kulazimishwa na kesi hiyo, serikali ikakiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni 37 yaliyofichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza. Juni 6, 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 na kueleza masikitiko yake bungeni. Kesi ya pili, yenye walalamikaji zaidi ya 40,000, ilianguka mwaka 2018, safari hii muda ukihesabiwa kuwa umepita. Mafaili, lakini, hayakurudi mafichoni. Na tusisahau kwamba kikwazo cha kwanza kilikuwa hapa nyumbani: Mau Mau kilikuwa kikundi haramu kwa sheria ya mkoloni mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa.

Wapo upande mwingine wanaosema kinyume: heshimuni sheria, kaeni nyumbani, acheni mahakama zifanye kazi yake. Kwao nina mfano mmoja unaotosha. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Jaji akaitupa kesi: mama huyu hana haki ya kusimama mahakamani, hajaonyesha yeye binafsi amedhurika vipi kuliko wengine. Angeheshimu uamuzi huo na kukaa nyumbani, leo mnara ungekuwa pale. Alipiga kelele nchini na nje, wafadhili wakatishika, jengo likafa. Februari 1992 alikuwa bustanini humohumo na akina mama waliodai watoto wao waliofungwa kwa siasa, wakapigwa virungu, na kona ile ikapata jina la Freedom Corner.

Ushinde wake wa mahakamani nao haukupotea. Katiba ya 2010, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kwa niaba ya umma. Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayeshtaki juu ya mazingira hahitaji kuonyesha kuna mtu aliyepata hasara au kudhurika. Ni sentensi ya jaji wa 1989 iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu. Seneta Okiya Omtatah wa Busia na wenzake walipoipinga Sheria ya Fedha ya 2023, walipita kwenye mlango huo. Wanaosema mahakama haikutusaidia kitu wamesahau kwamba haki ya kufika huko ilipatikana kwa watu kushindwa huko.

Limebaki suala la kiongozi, na hapa nakiri vijana wana sababu ya kuwa na shaka. Thuku aliyelilwa na umati mwaka 1922 alirudi akiwa mtu mwingine. Mwaka 1935 alianzisha chama kilichoahidi utiifu kwa serikali. Na vijana waliona kwa macho yao, wiki chache baada ya Juni 2024, vigogo wa upinzani wakiingia kwenye baraza la mawaziri huku familia zikiwa bado zinazika. Watu zaidi ya 50 walikuwa wamekufa kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Ukiwa umeona hayo, kusema "hatuna kiongozi" ni busara ya kujilinda. Lakini tazama kilichofuata Thuku alipoondolewa. Wakikuyu hawakukaa kumlilia; katikati ya miaka hiyo ya 1920 waliunda chama chao kipya, chenye katibu na sanduku la fedha, na kikaendelea kuuliza juu ya hukumu ya Barth. Kiongozi anaweza kununuliwa. Kamati yenye daftari la michango na kumbukumbu za vikao ni ghali zaidi kuinunua. Wameru walimtuma Kirilo, hakujituma. Nadhani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kuwa na kiongozi na kutokuwa naye.

Zaidi ya hapo, sheria haimjui mtu asiye na jina. Umati hauwezi kutia sahihi hati ya kiapo. Familia zilizopoteza watoto mwaka 2024 zinapofungua kesi, kuna mzazi mmoja ambaye jina lake litasomwa na karani, litakosewa tahajia pengine kama la ole Nchoko, na atakayeamka saa tisa usiku kuwahi gari la kwenda kusikiliza tarehe ikiahirishwa. Anayetembea barabarani na watu 10,000 ana ulinzi wa wingi. Yule wa kizimbani yuko peke yake, isipokuwa wale 10,000 wajae nje siku ya kesi yake.

Uamuzi ule wa Oktoba 2024 una mahali ambapo unastahili kusomwa polepole. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema Bunge likikusanya maoni ya wananchi ni lazima lieleze kwa nini limekubali haya na kukataa yale. Mahakama ya Juu ikasema hapana: kueleza sababu ni jambo jema, hata inapendekeza Bunge litunge sheria ya ushirikishwaji wa umma, lakini Katiba hailazimishi hivyo waziwazi. Kwa lugha ya kijijini, unaweza kupanda gari kwenda kutoa maoni yako, yakaandikwa, yakatupwa, na usiambiwe kwa nini. Sasa hili limo ndani ya hukumu ya mahakama ya juu kuliko zote nchini. Ni maandishi ya aina ileile ya 1913, na bado sijakiona chama, kanisa, msikiti wala kundi la WhatsApp lililoyatoa kwa Kiswahili na kuyasoma barazani. Ole Gilisho, ambaye hakwenda shule, alitafuta mtu wa kumsomea.